Mwaka wa Kopo Moja

Sogea karibu, rafiki yangu, maana haya siyasemi na kila mtu. Wiki mbili zilizopita nilishuka Masasi kumzika Mzee Chitanda, mtu aliyenifundisha kazi ya majitaka, na tangu nirudi huku juu Newala magoti yananiuma na kichwa hakitulii. Nikisujudu namkumbuka yeye, astaghafirullah, na mtu akianza kukumbuka chemba za choo katikati ya swala ujue kuna jambo hajalitua. Wewe unanijua kama Mama Rehema wa majitaka, yule mwanamke wa gambuti anayezunguka kwenye hospitali ndogo ndogo, Makote, Kitangari mpaka Masasi, anafunua mifuniko, anachungulia, anaandika kwenye daftari, anaondoka ananuka. Watu wanadhani nilizaliwa na kazi hii. Nataka nikusimulie mwaka mmoja tu, nilipokuwa na miaka ishirini na miwili, Rehema wangu ndio kwanza anajifunza kusema. Habari za nilikozaliwa na nani alikuwa nani tuziache, hazina kazi hapa.

Hospitali yenyewe ilikuwa ndogo, upande wa Kitangari. Wodi ya wanaume, wodi ya wanawake, leba ya vitanda viwili, na chumba kidogo cha upasuaji kinachotazamana na leba, mlango kwa mlango. Nyuma kulikuwa na banda la ndugu wa wagonjwa, mafiga yamejipanga, moshi wa kuni na harufu ya kisamvu tangu asubuhi. Kazi yangu ilikuwa usafi: kufagia, kupiga deki, kuosha vyoo. Nilikuwa na nguo za kazi na nguo za swala, zimefungwa kwenye vifurushi viwili tofauti, na adhuhuri ikiingia nilikuwa naoga kwa maji ya kopo mbili, nabadilisha, naswali nyuma ya chumba cha mashuka. Kopo mbili. Nakutajia hilo ili ujue nilivyolelewa. Huku juu kwetu maji yako bondeni, na ukitaka kuyanywa uyapandishe kwa kichwa. Kila mwanamke anaujua uzito wake shingoni. Maji ya kumwogeshea mtoto ndiyo yanafua nepi zake, yaliyofua nepi ndiyo yanapiga deki, na yaliyopiga deki yanakwenda kwenye shina la mpapai. Na chuoni tulifundishwa kwamba kumwaga maji ovyo ni israfu, hata uwe umekaa kando ya mto. Mimi sikuwa kando ya mto. Kwa hiyo hilo somo nililishika kwa mikono miwili.

Sasa pale hospitali kila choo kilikuwa na ndoo kubwa. Mtu akimaliza haja anamwaga ndoo nzima, pwaa, anatoka. Moyo ulikuwa unaniuma kama naona mtu anamwaga unga. Kiangazi kilipoanza kukaza, pampu ya kutoka bondeni ikawa inaleta maji siku moja moja, nikachukua makopo ya maziwa ya unga yaliyokuwa yametupwa stoo, nikayaosha, nikaweka moja kwenye kila choo. Ndoo nikaziondoa. Nikawaambia ndugu wa wagonjwa, kopo moja linatosha, tena ukiweza nusu, utapata thawabu. Aliyebisha nilimnunia. Mama Bakari, mwanamke mmoja mwenye ulimi, aliyekuwa anamuuguza mama mkwe wake, aliniambia, "Dada, hata kuku wangu anakunywa zaidi ya kopo." Nikamjibu, "Basi kuku wako aje apandishe mwenyewe." Watu wakacheka, nikajiona nimeshinda. Matroni Veronika, aliyekuwa msimamizi wa manesi, alinisifu mbele ya wafanyakazi wote asubuhi. Akasema pipa lililokuwa linaisha kwa siku moja sasa linafika siku tatu, na kwamba laiti wote wangekuwa na uchungu kama huyu binti. Nilitembea siku ile kama nimevaa nguo mpya.

Mzee Chitanda ndiye aliyekuwa anatunza mfumo wa majitaka. Mmakua wa Masasi, Mkristo, amefika darasa la nne, kofia ya pama imemkaa mpaka kwenye nyusi. Maji yote ya vyoo na ya leba yalipita kwenye bomba moja chini ya ardhi, yakapitia chemba tatu, yakaingia kwenye karo la zege lililogawanywa vyumba, yakatulia humo, halafu yakatoka kwenda kwenye bwawa la kokoto lililopandwa matete. Mwisho yalitoka hayana rangi wala harufu, yakanywesha migomba. Kila asubuhi mzee alifunua chemba moja moja, akachungulia kama mtu anayeangalia chungu kimeiva, akafunika. Chai yake alikuwa anainywa amekaa juu ya mfuniko wa karo, na ming'oko, vile viazi vya porini, ya kuchemsha kwenye sahani ya bati, chumvi pembeni. "Karibu ming'oko, Mmakonde," ananiambia. "Hapo juu ya kinyesi, mzee?" "Chenyewe kiko chini, mimi niko juu, kila mtu na chumba chake." Utani kati yetu ulikuwa halali, na ulifanya siku ziende.

Lakini asubuhi moja hakunikaribisha. Nilimwamkia, "Shikamoo mzee," akaitikia, "Marahaba," akaendelea kutazama chini kwenye chemba ya kwanza. "Mama Rehema, mbona chemba yangu imekauka?"

"Tunabana matumizi, mzee."

"Nyie Wamakonde mkiona maji yamemwagika mnatandika mikeka ya msiba."

"Na nyie Wamakua mnamwaga kwa sababu hamjui kupandisha mlima."

Akacheka kidogo, kisha akaacha. "Nisikilize, mama. Hicho kitu hakina miguu. Kinachokitembeza ni maji. Ukikipa kopo kinakwenda hatua kumi kinakaa. Kesho kinakuja kingine kinakaa juu yake. Hapa kwetu tambarare, bomba limelala, halina mteremko wa maana. Rudisha ndoo." Mimi nikamwambia nitaangalia, na sikuangalia. Baadaye nikiwa nakunja mashuka nikamsikia dirishani anamwambia matroni maneno yaleyale. Matroni akamjibu kwa upole kabisa, "Mzee, wewe umezoea kuyaona mengi. Yamepungua kwa sababu tunayatunza." Nikamsikia mzee anasema, "Sawa, matroni." Ile sawa naisikia mpaka leo. Miaka yote hii nimeitoa mimi mwenyewe kwenye ofisi nyingi, mbele ya watu wenye viatu safi, na najua inavyochosha. Mtu ananuka, amevaa gambuti, nani atamwamini kuhusu bomba ambalo hakuna anayeliona?

Jioni nilikuwa nasoma. Alasiri ikiisha tulikuwa tunakutana shule ya msingi, wanawake watupu, tunakaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamegota kifuani, tunafundishwa hesabu na Kiswahili ili tufanye mtihani tulioukosa utotoni. Niliyekaa naye dawati moja aliitwa Fatu, Mama Salumu, rafiki yangu. Alikuwa na mimba ya pili na tumbo limekataa kuingia kwenye dawati, anakaa ubavu. Mwalimu akimuuliza kwa nini hamtazami, anajibu, "Mwalimu, mimi natazama na sikio." Salumu alizaliwa kwa upasuaji, na daktari alikuwa amemwambia waziwazi, safari hii usijaribu nyumbani, uchungu ukianza njoo hospitali saa hiyohiyo. Nyumba yake ilikuwa hatua chache tu kutoka kwetu. Alikuwa anasema, "Mimi sina wasiwasi, leba nitatembea kwa miguu, tena nitapitia kwako nikuchukue unishikie kifurushi."

Korosho zilipoanza kudondoka, watu wako mashambani, mabibo yananuka kila njia, nikaingia kazini asubuhi nikakuta matroni amesimama kwenye korido ya leba amekunja sketi. Chemba ya pili, iliyokuwa karibu na ukuta, ilikuwa imefura na kutapika. Uchafu umepita chini ya mlango wa leba, umevuka mpaka kwenye chumba cha upasuaji. Mama mmoja aliyejifungua alfajiri alikuwa amekaa kitandani amemkumbatia mtoto, miguu juu, kama mtu aliyezungukwa na mafuriko. Tulimhamisha. Mchana bwana afya alikuja na pikipiki yake kutoka Newala, akatazama, akashika pua, akafunga milango miwili kwa kamba ya katani na karatasi yenye muhuri. Hakuna kuzalisha wala kupasua hapa, alisema, mpaka njia ifunguke, pasafishwe kwa klorini, na yeye mwenyewe arudi akague. Wajawazito wote waende Newala. Nilisikia neno wajawazito nikamuona Fatu.

Mzee Chitanda hakuniambia "nilikwambia." Alinipa glavu na kipande cha mwanzi uliopasuliwa, mrefu kama nyumba, tukaanza kuzibua bomba, yeye upande huu, mimi upande ule. Siku nne. Kati ya chemba ya pili na ya tatu palikuwa pamegeuka kama saruji. Mwanzi unaingia hatua chache unagota. Nilikuwa natapika, nanawa, narudi. Siku ya nne mzee alikaa chini akavua kofia, mara ya kwanza namwona kichwa chake, akasema mwanzi peke yake hautoshi, hapa panataka maji, mengi, ya kulowesha na ya kusukuma. Pampu ya bondeni ilikuwa imeharibika. Daktari mkuu akasema yaliyobaki kwenye tangi ni ya wagonjwa, hatoi hata ndoo moja kwa ajili ya choo, na hakukosea. Mzee akanigeukia. "Waombe wenzako." Nikamuuliza wenzangu gani. "Wanaopandisha."

Jioni ile darasani nilisimama mbele, mwalimu akanipa nafasi. Nikaeleza. Nikasema naomba kila mtu aje na ndoo moja kesho asubuhi, akitoka bondeni apitilize hospitali, tumwage kwenye chemba. Mama Bakari akaanza kucheka, yeye alikuwa amejiunga na darasa muhula ule. "Subirini kwanza. Kopo moja limekuwa ndoo ngapi sasa?" Darasa zima likaangua kicheko. Mwingine akadakia, "Thawabu zetu za nusu kopo mnazirudisha lini?" Bibi mmoja mtu mzima, Bi Mwanahawa, hakucheka. Alisema taratibu, "Mwanangu, mimi mgongo huu, nishuke bondeni, nipande, nikamwage chooni? Wewe si ndiye uliyetuambia ni dhambi?" Nilisimama pale na chaki mkononi. Ndipo Fatu akajivuta kutoka kwenye dawati, akashika kiuno, akasema, "Mimi naleta." Mama Bakari akamwambia, "Wewe na tumbo hilo ulete nini, umlete mtoto?" Fatu akasema, "Ndiyo. Nataka nimlete pale pale. Kama nyinyi mnataka nikazalie barabarani, kaeni na ndoo zenu."

Asubuhi yake aliyetangulia ni yeye, na ndoo ya maji ya mtungini kwake, si ya bondeni. Nikampokea nusu njia, nikamgombeza, akanicheka. Halafu wakaanza kutokea wengine njiani, mmoja mmoja, kata za khanga vichwani, hawajapita hata kwao kutua. Mama Bakari alikuja na dumu mbili. "Nimekuja kuona uso wako tu," akaniambia. Mzee Chitanda aliwapanga kuzunguka chemba. "Msimwage kidogo kidogo kama mnamwagilia mchicha! Wote kwa mara moja, nikihesabu tatu!" Sikuwahi kuona mikono mizito kama ile. Ndoo zimeinuliwa na hazimwagwi. Bi Mwanahawa alifumba macho, akasema astaghafirullah, akamwaga, na wengine wakafuata. Mara ya kwanza maji yalipanda tu yakasimama. Wakashuka tena bondeni. Wakapanda. Walipomwaga mara ya tatu, mzee anasukuma mwanzi kwa kifua chake chote, chini ya ardhi pakaguna, kisha maji yote yakashuka kwa mkupuo na mzee akaanguka kifudifudi na mwanzi wake. Wanawake wakapiga vigelegele juu ya bomba la choo. Mzee akainuka ana matope mpaka kwenye meno, anasema, "Wamakonde leo mmeongoka."

Ningependa niishie hapo. Tulisugua leba siku ile mpaka mikono ikababuka kwa klorini, na matroni akamtafuta bwana afya aje akague. Pikipiki yake ilikuwa mbovu, akasema kesho. Kesho ikafika akasema kesho kutwa. Na asubuhi ya ile kesho ya kwanza, Fatu alikuja kwa miguu yake, kifurushi kichwani, uchungu umeanza. Sakafu ya leba ilikuwa inang'aa. Kamba ilikuwa ya katani tu, ningeweza kuikata kwa kisu cha jikoni. Nilimwambia matroni tuikate. Aliishika ile kamba, akaiachia. "Mama Rehema, nikiikata kabla hajaja wataifunga hospitali nzima, na wale walioko wodini?" Simlaumu. Nimewahi kushika kamba za namna hiyo mwenyewe tangu hapo. Tulimpakia Fatu kwenye gari la hospitali, mimi nikakaa nyuma nimemshika kiuno. Barabara ya mchanga wakati wa kiangazi unaijua. Gari lilizama mara mbili, tukachimba. Fatu hakupiga kelele. Alikuwa ananishika mkono uleule wenye malengelenge, na kila gari likiruka anasema, "Bado?" Nasema, "Tumefika, tumefika." Hatukuwa tumefika.

Newala walimpasua. Wakaniambia kovu la zamani lilikuwa limeanza kuachia, na mtoto amekaa muda mrefu bila hewa. Alikuwa msichana. Baba yake alifika kwa baiskeli akamwadhinia sikioni. Mtoto alipumua kuanzia adhuhuri mpaka alasiri. Fatu alipozinduka nilikuwa nimekaa pembeni ya kitanda, na nikaona sitaweza kuondoka chumba kile bila kusema. Nikamwambia kila kitu, makopo, ndoo nilizoziondoa, maneno ya mzee niliyoyapuuza. Nikasema, ni mimi. Akasema, "Nipe maji." Nikamnywesha. Akanywa yote, akageukia ukutani. Hakusema nimekusamehe, na mimi sikuomba, niliona kuomba ni kumtwisha mzigo mwingine.

Siku niliyorudi kazini nilirudisha ndoo chooni, nikasimama mbele ya wafanyakazi nikasema kosa ni langu, matroni akasema ni letu sote wawili. Nikampelekea Mzee Chitanda glavu zake nikamwambia naacha kazi. Hakuzipokea. Alisema, "Ukiondoka wewe atakuja mwingine na kopo lake. Wewe angalau unajua." Akanikalisha juu ya mfuniko wa karo, akaanza kunifundisha kuanzia chemba ya kwanza. Nikamaliza masomo ya jioni, nikafanya mtihani, nikapelekwa kozi. Hivi ndivyo nilivyofika hapa. Nimechoka, sikufichi. Zaidi ya miaka ishirini nafunua mifuniko, na kila kiangazi nakuta kopo. Wanajenga hospitali nzuri, vigae vyeupe, karo jipya, matete yamepandwa kwa mstari, na hakuna aliyeuliza maji ya kusukuma yatatoka wapi na nani atakubali kuyamwaga. Nikiingia sianzi na ofisi. Namtafuta dada wa usafi, nakaa naye, namuuliza anamwaga kiasi gani. Wengi wananijibu kwa fahari, kama mimi zamani. Nawaonea huruma na nawaogopa. Sasa nawafundisha kukinga maji ya mvua kwenye tangi la choo peke yake, na maji ya kufulia yapite kwenye bomba la choo kwanza, ili lisukumwe bila kumtesa mtu shingo. Kuna wanaosikia.

Fatu bado jirani yangu. Hatukuwahi kulizungumza tena. Alhamisi iliyopita alikuja tukakaa kibarazani tunachambua mbaazi, nikamwambia naandika habari za mwaka ule, na kama hataki nachana karatasi sasa hivi. Aliendelea kuchambua mpaka ungo ukajaa. Akasema, "Andika. Ila nyie watu mkisimulia mnasema kuna mtoto alikufa. Alikuwa na jina. Baba yake alimpa."

Kwa hiyo nina ombi moja kwako. Ukimjua mtu yeyote anayeosha vyoo kwenye hospitali ndogo, mahali popote ambapo maji ni shida, msomee haya, au msimulie kwa maneno yako, naye amsimulie mwenzake. Usimcheke kwa kubana maji, ana sababu. Mwambie tu amwage ndoo nzima. Akikuuliza kwa nini, mwambie ni kwa ajili ya Sharifa, binti wa Mama Salumu, aliyeishi kuanzia adhuhuri mpaka alasiri.